Kumbukumbu ya Ugeni: Tahakiki ya Kitabu cha Catherine Besteman

Making Refuge, kitabu alichokitoa mwanaanthropolojia Catherine Besteman wa Marekani mwaka 2016, kinahusu watu ambao sehemu ya historia yao inaanzia kwetu. Katika karne ya 19 Waafrika wengi, wakiwamo Wazigua, waliuzwa utumwani na kupelekwa Somalia. Wajukuu wao walilima kando ya mto Juba, wakidharauliwa, hata vita vya mwaka 1991 vikawatawanya hadi makambi ya Kenya. Tanzania iliombwa kuwapokea, lakini ilikuwa imekwisha kulemewa na wakimbizi wa Rwanda. Hatimaye Marekani ilichukua wapatao 12,000, na baadhi yao wakahamia Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine ambao karibu wakazi wake wote walikuwa weupe.

Mwandishi aliishi na watu hao katika kijiji cha Banta miaka ya 1987 na 1988, na mwaka 2006 akakutana nao tena huko Lewiston. Kwa sababu hiyo haandiki juu ya "wakimbizi" kwa jumla, bali juu ya majirani anaowafahamu. Hilo ndilo jambo bora la kitabu hiki.

Mapokezi ya wageni yalikuwa ya namna mbili. Mwaka 2002, Wasomali wa kwanza walipokuwa wamekwisha kufika, meya aliandika barua ya wazi akiwaomba wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi, kilichothubutu kujiita kanisa, kilikutana mjini, na maelfu ya watu wakakusanyika kukipinga. Mwaka 2006 mtu mmoja alitupa kichwa cha nguruwe msikitini watu wakisali.

Linalosikitisha zaidi ni hili: wenyeji wengi wa Lewiston ni wajukuu wa Wakatoliki wa Kanada, wasemao Kifaransa, waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan iliwaandama wahamiaji hao kwa ajili ya dini na lugha yao. Lakini baadhi ya wajukuu walisema: babu zetu hawakusaidiwa na mtu. Yaani waliikumbuka taabu, wakaigeuza kuwa kipimo cha kuwahukumia wengine.

Hapa ndipo tunapokiona kitabu kuwa na upungufu. Besteman anaeleza vema makosa ya sera na ya ofisi za misaada, lakini imani anaitazama zaidi kama desturi ya jamii kuliko kama neno linalomhukumu na kumgeuza mtu. Torati, katika Kutoka 22 na Walawi 19, haikuwaachia Israeli wakumbuke Misri wapendavyo; iliifanya kumbukumbu hiyo kuwa amri. Ugeni wa jana peke yake haumfanyi mtu kuwa mkarimu. Ni lazima ufundishwe, uhubiriwe, utubiwe.

Basi mtumishi aliyeko Mkula, kati ya Wasukuma walio wengi, asiisome Lewiston kama habari za Wazungu. Na ajiulize ni nani katika usharika wake ambaye, baada ya miaka mingi, bado anaitwa "wa kuja", na kama amewahi kuchaguliwa kuwa mzee wa kanisa.