Mkono Unaotafuta Laini

Kidole kikizungusha kisahani cha simu ya zamani, simu bado haijatuma chochote; springi tu ndiyo inakazwa. Kazi huanza kidole kikiachia. Kisahani hurudi chenyewe, na kikirudi hukata na kuunga umeme wa laini: mara 5 kwa namba 5, mara 10 kwa sifuri. Ndani mna vizito vidogo vinavyotanuka kadiri vinavyozunguka na kusugua ukuta wa kikombe chake. Ndivyo vinavyopima mwendo, hata mwenye pupa na mwenye taratibu wote watume mapigo 10 kwa sekunde.

Kwenye kituo cha simu, mapigo hayo huinua mkono wa chuma. Mtambo huo ulibuniwa na Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi wa Kansas City aliyepewa hataza mwaka 1891. Piga 4, mkono unapanda ngazi nne. Kisha, bila kuamriwa na mtu, unageuka na kupapasa viunganishi vya ngazi hiyo kimoja kimoja mpaka ukute njia iliyo wazi. Sharti uipate kabla namba inayofuata haijaingia. Na muda huo unatoka wapi? Kwa mpigaji mwenyewe, wakati anakaza kisahani kwa mara ya pili! Waliopanga hivyo nawavulia kofia. Nao waliogawa namba za maeneo huko Marekani mwaka 1947 waliipa New York 212, mapigo 5 tu, na Chicago 312, kwa kuwa miji inayopigiwa sana haikufaa kuchelewesha watu.

Mwaka 1963 vikaja vitufe vya milio. Kila kimoja hutoa sauti mbili kwa pamoja, na sifuri haichukui tena muda mrefu kuliko 1.

Swichibodi ya ofisi yenye laini za analogi bado hufuata adabu ile ile: inashika laini, inasikiliza mlio wa kupigia, ndipo inatuma namba moja moja. Kwenye laini ya dijitali ya ISDN, namba nzima inaweza kwenda kama ujumbe mmoja, kwa chaneli isiyobeba sauti. Hata hivyo swichibodi yenyewe haijui kama mpigaji amemaliza kubonyeza, kwa hiyo husubiri sekunde kadhaa kwanza, na ofisi nzima hulalamika kwamba simu ni nzito. Hapo ndipo unamjua fundi. Fundi makini huiandikia swichibodi mpangilio wa namba: Tanzania, inayoanza na 07 ina tarakimu 10, basi ya kumi ikibonyezwa tu, ujumbe unaondoka. Za nje ya nchi, zinazoanza na 000, hazina urefu mmoja. Kwa hizo huacha ile subira ibaki, kisha huwaelekeza watu wa ofisi wabonyeze alama ya reli wakishamaliza.