Fuata Hewa Inakokwenda

Mwaka 1981 daktari wa Australia, Colin Sullivan, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walieleza katika jarida la Lancet walivyowatibu wagonjwa watano waliokatikiwa na pumzi usingizini. Dawa ilikuwa hewa ya kawaida, ikisukumwa mfululizo kupitia puani ili koo lisijifunge. Shida ilikuwa kuifikisha. Barakoa za mwanzo zilifinyangwa kwa kufuata pua ya kila mgonjwa, zikabandikwa usiku kwa gundi ya silikoni na kubanduliwa asubuhi. Koo lilipata nafuu, uso ukaanza kulalamika.

Leo mashine za kusukuma hewa hiyo, ziitwazo CPAP, ni ndogo na hazina kelele nyingi, lakini malalamiko hayajaisha: macho yanawasha, kinywa kimekauka, tumbo limejaa hewa, ngozi imechubuka. Wengine huchoka na kuifungia mashine kabatini. Ukiyachambua malalamiko hayo, mengi yana asili moja, nayo ni hewa kupita isipotakiwa. Ukiona inakopita, umejua pa kushika.

Tuanze na barakoa. Hewa ikivuja juu ya pua hupuliza machoni, na mtu hukimbilia kukaza mikanda. Hapo ndipo anapoharibu. Barakoa nyingi zina mto wa silikoni wenye kuta mbili. Ukuta mnene hubeba uzito; ule mwembamba hutunishwa na hewa ya mashine yenyewe hadi ukagusa ngozi na kuziba. Mikanda ikikazwa mno, ukuta mwembamba hujikunja, hewa ikapata mfereji wa kutokea, na ngozi ikaumia bure. Njia bora ni kulala kama ulivyozoea, kuwasha mashine, kulegeza mikanda, kisha kuivuta barakoa kidogo mbele ili mto utune. Irudishe taratibu, ukaze kushoto na kulia kwa usawa, na uishie pale uvujaji unapokoma. Kuipima ukiwa umeketi hakutoshi, maana mashavu hubadili umbo mtu akilala. Mafuta ya uso nayo huifanya iteleze, kwa hiyo osha uso kabla ya kulala, na mto wa barakoa uoshwe kila siku kwa sabuni isiyo kali. Vile vitundu vidogo vinavyopuliza kwa mbele viache: vimewekwa ili pumzi unayoitoa ipate njia, na havizibwi kamwe.

Kinywa ndicho chenye hila zaidi. Hewa inayoingia puani ikitorokea mdomoni, pua hupitisha hewa kuelekea ndani tu usiku kucha. Kwa kawaida pumzi inayotoka huirudishia pua joto na unyevu. Sasa hairudishiwi kitu. Utando wa ndani hukauka na kuvimba, pua ikaziba, na mdomo ukazidi kufunguka. Mzunguko huo haukatwi kwa kunywa maji. Hukatwa kwa kutibu pua iliyoziba, kuwasha kifaa cha kuongeza unyevu chenye kupasha moto, au kubadili barakoa na kuvaa inayofunika pua na mdomo pamoja.

Unyevu nao una upande wa pili. Kwenye chumba chenye kiyoyozi, Dar es Salaam au Mombasa, mvuke hupoa ndani ya bomba, ukageuka matone na kumrukia mlalaji usoni. Punguza kiwango cha unyevu, pitisha bomba chini ya shuka, na mashine iwe chini kuliko kichwa ili matone yarudi kwenye tangi. Tangi lijazwe maji yaliyokenekwa, yasiyoacha masalia ya madini.

Wapo wanaohisi kwamba hawawezi kutoa pumzi dhidi ya upepo ule. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya mgandamizo wa sentimita 4 na 20 za maji, na nyingi zina mpangilio wa kuanza chini na kupanda polepole wakati usingizi unaingia, na mwingine wa kupunguza nguvu kila unapotoa pumzi. Anayeogopa kufunikwa uso aivae mchana akiangalia televisheni, kwanza bila hewa, kisha na hewa, hadi mwili uzoee. Tumbo likijaa kila asubuhi, hewa inamezwa. Mweleze daktari, kwani huenda mgandamizo unahitaji kupangwa upya. Usiupunguze mwenyewe, maana koo linaweza kuanza tena kujifunga bila wewe kujua.

Umeme ukikatika, upepo hukoma. Barakoa ya pua na mdomo ina vali inayofunguka kukuachia hewa ya chumbani, na vali hiyo ikaguliwe unapoosha. Anayetumia betri azime kifaa cha unyevu na joto la bomba, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyokula umeme mwingi kuliko kipuliza chenyewe.

Mashine nyingi za sasa hurekodi saa za matumizi na kiasi cha uvujaji. Nenda kliniki na rekodi hiyo, pamoja na barakoa yenyewe. Kumwambia mtaalamu “inanisumbua” hakumsaidii sana. Mwambie hewa inatokea wapi na saa ngapi, ukiwa umelala chali au ubavu, naye atajua kama ni barakoa, unyevu au mgandamizo.