Kwa nini z isubiri mpaka sura ya 33?

Kama konvolusheni imekusumbua darasani, kasome sura ya 6 ya kitabu cha Steven W. Smith, The Scientist and Engineer's Guide to Digital Signal Processing (1997). Kipo bure mtandaoni, huna kisingizio. Wengi hufundishwa kugeuza grafu na kuisogeza, basi. Smith anaanzia kwenye ingizo: kila sampuli inaacha mwangwi wake, wewe unajumlisha. Ingiza 2, 1 kwenye mfumo wenye mwangwi 1, 3. Sampuli ya kwanza inatoa 2, 6. Ya pili, ikichelewa hatua moja, inatoa 1, 3. Jumla: 2, 7, 3. Safi kabisa.

Sasa andika w kumaanisha “chelewa hatua moja”, kisha zidisha (2 + w)(1 + 3w). Unapata 2 + 7w + 3w². Namba zilezile! Hiyo w ndiyo z⁻¹, na hiyo ndiyo transfomu ya z: konvolusheni inageuka kuzidisha kwa kawaida, hesabu ya sekondari. Smith alikuwa mlangoni, akapita. Anaileta z sura ya 33, tena kwa kupitia Laplace ya sura ya 32.

Gharama yake unaiona sura ya 19, kwenye vichujio vinavyojirudia. Rudisha 0.5 ya tokeo la nyuma, mwangwi unafifia, rudisha 1.1, unavimba bila kikomo. Kwa mfano huu mdogo unaona mwenyewe. Ukiwa na vigawo sita hivi, bila z unabaki kufuata mapishi tu.