Na Tanga Je?

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Ngamiani na msomaji wangu wa kwanza siku zote, alinirudishia mswada wangu wa safari ya baiskeli kutoka Moshi hadi Tanga. Hakuuchafua kwa kalamu nyekundu. Aliandika maneno matatu tu chini ya ukurasa wa mwisho: "Na Tanga je?"

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mswada ulikuwa na kurasa 41. Upepo wa Same peke yake ulikula kurasa nne. Pancha ya Mombo, mbili na nusu. Machungwa ya Muheza niliyasifu mpaka nikatamani kuyala tena. Halafu, mwishoni: "Nilifika Tanga saa kumi jioni, nikapumzika siku tatu kwa shangazi." Nukta. Mji mzima, siku tatu, sentensi moja!

Nikajitetea. Nikamwambia, bwana wee, ndivyo maandishi ya baiskeli yalivyo, hata wakubwa hufanya hivyo. Akaniuliza: wakubwa gani? Basi hebu tuwatazame hao wakubwa, ndugu msomaji, maana nimewasoma upya ili nimshinde huyu mtu, na sikumshinda.

Wa kwanza ni Thomas Stevens, Mwingereza aliyehamia Marekani. Aliondoka San Francisco Aprili 1884 juu ya baiskeli ile ya kizamani, gurudumu la mbele refu kumfikia mtu kifuani na la nyuma dogo kama sahani, na akamalizia safari Yokohama Desemba 1886. Kitabu chake, Around the World on a Bicycle, kina majuzuu mawili. Njiani ni mwandishi hodari. Anajua tope, anajua mbwa, anajua mto usio na daraja. Mjini mambo yanageuka. Kila aingiapo mji wa Uturuki, uwe Ankara au Sivas, umati unamzingira, unataka apande, aendeshe, wamwone. Wakubwa wa mji nao wanataka. Tehran alikaa msimu mzima wa baridi, na Shah mwenyewe akataka kuiona hiyo mashine. Basi Stevens anaendesha, anazunguka mbele ya watu kama mcheza sarakasi, kisha analala akinung'unika kwamba hakuachwa apumue.

Wale tuliofundishwa uhakiki wa fani na maudhui tungeliita hilo tatizo la nafsi ya msimulizi. Mie naliita kwa lugha nyepesi: Stevens mjini ni sinema. Anayetazamwa hana nafasi ya kutazama, na sisi wasomaji tunaupata mji kama nyuso zilizokodoa macho, basi. (Huyu bwana alifika hata huku kwetu mwaka 1889, kumtafuta Stanley kwa niaba ya gazeti la New York. Kitabu alichotoa mwaka uliofuata si cha baiskeli, nakiacha.)

Wa pili ni Dervla Murphy, Mwairishi aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 90. Huyu namwogopa kidogo. Mwaka 1963 alikwenda peke yake kwa baiskeli kutoka Ulaya hadi India. Mwaka 1992, na miaka yake 60, akaanzia Nairobi, akapita Uganda, kwetu Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Zimbabwe, akaandika The Ukimwi Road, kilichotoka 1993. Neno letu hilo, juu ya jalada la Kiingereza. Maudhui yake ni mazito, sina ubishi. Wakati watu wengi bado wananong'ona kuhusu ule ugonjwa, yeye alikaa baa na nyumba za wageni akasikiliza.

Lakini tazama baiskeli iko wapi anapofika mjini. Imeegemezwa ukutani. Mji kwake ni mazungumzo ya kuketi, na miji mikubwa haipendi, wala hafichi. Nilitaka kuandika hapa kwamba angekuja kwa basi mazungumzo yangekuwa yale yale. Hapana, hapo nitakuwa nimemwonea. Watu walimfungukia mama wa watu kwa sababu alikuja na vumbi lake na jasho lake kama wao. Ila hoja yangu bado imesimama: anaufikia mji kwa baiskeli, hautembelei kwa baiskeli.

Kwa nini? Nadhani ni suala la msuko. Barabara ndefu inampa mwandishi msuko wa bure. Kuna kilomita, kuna kiu, kuna jua linazama kabla hujafika. Hata mwandishi chipukizi kama mimi hawezi kupotea, anafuata lami tu na kisa kinakwenda chenyewe. Ukifika mjini lami inagawanyika mara hamsini na hakuna njia inayokwambia "huku ndiko mbele." Msuko wa bure umekwisha. Hapo ndipo tunapoegemeza baiskeli ukutani na kuandika "nikapumzika." Tanga wana msemo wao, waja leo, kuondoka majaliwa. Sisi wa baiskeli waja leo, twaondoka alfajiri kabla jua halijawa kali.

Sasa nikiri. Sikupumzika siku tatu. Siku ya pili asubuhi shangazi aliitazama ile Phoenix yangu pale uani, akasema, "Mwanangu, hiyo nayo imekuja kutembea au imekuja kulala? Kaniletee samaki Deep Sea." Nikafungua mizigo yote kwenye karia, nikafunga kikapu chake.

Jamani, kuendesha baiskeli bila mzigo baada ya kilomita mia tatu na ushei! Unajiona kama umetolewa jiwe mgongoni. Ngamiani barabara zake zina namba, zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, na mji ni tambarare, kwa hiyo unahesabu kwa mapaja: ya kumi na tatu, ya kumi na mbili, ya kumi na moja. Ukikosea, hasara yako ni dakika moja. Unamuuliza mzee barazani bila hata kushuka, mguu mmoja chini, naye anakujibu bila kuinua macho kwenye bao. Mama mmoja wa makamo, buibui limekunjwa vizuri lisinaswe na cheni, alinipita akipiga kengele: "Pisha, baba!"

Halafu ikaja reli. Ndiyo ile ile niliyofuatana nayo tangu Moshi, iliyoanza kujengwa hapo Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911. Njiani ilikuwa mwenzangu wa safari. Mjini nikagundua ina kazi nyingine. Upande huu Ngamiani, nyumba zimebanana, baraza zimejaa watu. Magurudumu yakaruka juu ya vyuma, kikapu kikadunda, na ghafla barabara ikapanuka, miti mikubwa, majengo ya enzi ya Wajerumani, kivuli na kimya. Mkoloni alikata mji vipande viwili, na mshono uko pale pale. Ndani ya bajaji ungesikia mtikisiko tu. Mimi niliusikia mpaka kwenye meno.

Na hakuna aliyenitazama. Mtu juu ya Phoenix, kikapu cha samaki nyuma, Tanga nani amtazame? Stevens angelia kwa wivu.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nilipoandika "nikapumzika." Niliyaacha kwa sababu niliona si safari, ni kutumwa sokoni.

Mswada mpya umeupunguza upepo wa Same ukabaki ukurasa mmoja. Tanga ina kurasa tisa. Rafiki yangu amezisoma na kunirudishia wiki iliyopita. Safari hii ameandika pembeni, penye ile ya kumi na tatu: "Hapa umekosea. Msikiti uko upande wa pili." Nikampigia simu shangazi nikitumaini ataniokoa. Akacheka, akasema mwenzio kasema kweli, na kwamba wale samaki nao walikuwa wadogo.