Ruta Inayojua Kukataa

Mtu wa Kinakomba, kando ya mto Tana, anayeweka ruta ya laini ya simu nyumbani hununua intaneti kwa bando, na mara nyingi umeme wake ni wa sola. Akifungua habari moja kusoma bei ya maembe, video ya tangazo hujicheza pembeni na kumlia megabaiti.

Kabla tangazo halijashuka, simu huuliza kwanza: jina la seva yake lina anwani gani? Kujibu ni kazi ya DNS, mfumo ulioasisiwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Nyumbani, anayeulizwa mwanzo ni ruta, na hapo ndipo fundi hutia mkono.

Ndani ya ruta nyingi anayejibu ni dnsmasq, programu ndogo ya Simon Kelley. Fundi huiandikia mstari mmoja: address, jina la seva ya matangazo, kisha 0.0.0.0. Tangu hapo, yeyote atakayeuliza jina hilo, au jina lolote lililo chini yake, hupewa anwani isiyofika popote. Hapa ndipo ninapovua kofia. Tangazo halizuiwi njiani, maana halikuitwa kabisa. Simu ya mama, televisheni na kompyuta ya mwanafunzi zote hunufaika bila kuwekewa chochote, na sola haiongezewi mzigo, kwa kuwa ruta ilikuwa inawaka tayari.

Ustadi wenyewe uko katika kuchagua. Wengine hupakia orodha za majina zaidi ya laki moja, na ruta yenye kumbukumbu ya megabaiti 64 ikaelemewa. Fundi mzuri huanza na orodha fupi, kama ile ya Peter Lowe ya majina elfu chache, kisha husoma logi, yaani orodha ya majina yaliyoulizwa, kwa subira. Programu ya benki ikikwama, hutafuta jina lililoikwamisha, akalifungua hilo tu. Tena husema ukweli: matangazo ya YouTube hayazuiliki hivi, maana hutoka kwenye seva zilezile za video, na simu yenye DNS ya faragha huipita ruta, ikaulize kwingine.

Kama ruta yako inakubali OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, dnsmasq imo tayari ndani yake. Hifadhi kwanza nakala ya mipangilio yako, kisha anza na jina moja. Na gazeti unalolithamini, ambalo huishi kwa matangazo, liache nje ya orodha au ulilipie.