Njia ya Kurudi: Kupima Mpango wa Dharura Kabla ya Kupandisha Toleo

Mtu akikuwekea mezani mpango wa kupandisha toleo la mfumo unaosimamia kompyuta zote za taasisi, ziruke kurasa za mwanzo. Huko utakuta ratiba ya rangi rangi, sahihi za wakubwa na sifa za toleo jipya. Fungua pale panapoelezwa kitakachofanyika mambo yakienda mrama. Mara nyingi pana sentensi moja tu: “Tutarejesha kutoka kwenye nakala rudufu.” Hiyo ni dua. Mrudishie mwenyewe akaandike mpango.

Mifumo ninayoizungumzia ni kama Configuration Manager ya Microsoft: seva, hifadhidata yake, na programu ndogo iliyokaa ndani ya kila kompyuta ikisubiri amri. Kwa mfumo wa namna hii fundi mmoja aliyekaa kitini huweza kusimika programu kwenye maelfu ya mashine kabla chai haijapoa. Ukianguka, umepoteza kifaa kilekile ambacho ungekitumia kuzitengeneza kompyuta nyingine. Mei 2014, katika Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta, Marekani, kifurushi cha kusimika Windows 7 kilitumwa kwa bahati mbaya kwa kompyuta zote za Windows, seva zikiwemo. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuigawa diski upya na kuifuta. Waliposhtuka wakaizima seva ya Configuration Manager, nayo ilikuwa imeshafutwa.

Kwa hiyo cha kwanza kutafuta kwenye mpango ni mategemeo yake. Je, hatua za kurejesha zinaegemea kitu ambacho huenda nacho kimekufa? Maelekezo yenyewe yamehifadhiwa wapi, kwenye seva ileile? Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Faili lenye kasoro liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kukwama hazikuwaka kiasi cha kupokea marekebisho, ikabidi mafundi wazifuate moja moja. Penye diski zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, palitakiwa ufunguo wa kila mashine, na wapo waliogundua kwamba funguo hizo zimo ndani ya seva zilizokwama pia. Mpango mzuri umeziweka funguo nje ya mfumo, kwenye kasha, na umemtaja mwenye kasha pamoja na wa pili wake.

Sehemu ninayoikazia macho zaidi ni kurudi nyuma, kwa sababu watu hujaribu kwenda wasijaribu kurudi. Juni 2012, benki ya RBS ya Uingereza na wenzake NatWest na Ulster Bank walipandisha toleo la programu inayopanga kazi za usiku, ile inayohakikisha miamala ya siku inaingizwa kwenye akaunti kwa mpangilio. Kasoro zilipojitokeza, mafundi waliling'oa toleo jipya ili warudi kwenye la zamani, na hawakupima kwanza kung'oa kwenyewe kutaleta nini. La zamani halikupatana na kazi zilizokwisha kupita kwenye jipya. Wateja wasiopungua milioni 6.5 waliathirika, na mwaka 2014 wasimamizi wa mabenki waliwatoza faini ya pauni milioni 56. Wiki chache tu baada ya mkasa huo wa RBS, Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza takriban dola milioni 460 katika dakika kama 45. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika. Katika kuhangaika wakaiondoa kwenye zile saba zilizokuwa sawa, na ugonjwa wa ile ya nane ukaenea kwa zote.

Ukisoma “tutarudi toleo la awali”, basi, uliza nani aliwahi kurudi, lini, kwenye mashine zipi, na ilimchukua muda gani. Jibu la “nadharia inaonyesha” halitoshi.

Nakala rudufu zina mtego wake. Mwandishi asiyeijua kazi huandika “nakala ya hifadhidata” akadhani amemaliza. Kwenye Configuration Manager, kazi ya kunakili iliyojengwa ndani ya mfumo haichukui maktaba ya vifurushi wala mafaili asilia yaliyotumika kutengeneza vifurushi hivyo. Hayo yanakiliwe kivyake. Urejeshaji hutaka mafaili ya usimikaji ya toleo lilelile lililokuwa likitumika, na ndiyo sababu mfumo huweka folda iitwayo CD.Latest. Ukisharejesha, nywila za akaunti zinazotumiwa na mfumo huingizwa upya kwa mkono. Mpango unaotaja mambo haya madogo umeandikwa na mtu aliyewahi kurejesha. Usioyataja umenakiliwa kwa jirani.

Angalia pia kama nakala zimeishi mbali na mtandao unaoweza kuzimaliza zote kwa mpigo. Kampuni ya meli ya Maersk, iliposhambuliwa na NotPetya Juni 2017 (virusi vilivyoenezwa, ajabu, kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine), ilipoteza karibu seva zake zote zinazotambua watumiaji, maana zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Ilisalia moja tu, Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Huku kwetu tumezoea kuulaani mgao wa umeme, lakini siku hiyo ulifanya kazi ambayo mpango haukuifanya.

Nakala isiyowahi kurejeshwa ihesabu kuwa haipo. Januari 31, 2017, fundi wa kampuni ya programu ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu. Walipoziendea nakala walikuta ghala tupu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 la hifadhidata ya PostgreSQL ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa 9.6, hivyo kila siku ilikuwa ikigoma, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Tofauti ya matoleo namna hiyo ndiyo huzaliwa usiku wa kupandisha. Hivyo mpango unaopanga kunakili kabla ya zoezi na kusahau kujaribu nakala ya kwanza baada yake una pengo, hata ukiandikwa kwa ufasaha wa namna gani.

Kuhusu saa: mpango uwe na muda wa mwisho wa kurudi, na cheo cha mwenye kuamua. “Ikifika saa 8 usiku na hifadhidata haijafunguka, tunarudi” ni sentensi yenye thamani kuliko kurasa tatu za utangulizi. Bila hiyo, kila mtu ataomba nusu saa zaidi mpaka alfajiri, na matawi yafungue milango. Na makisio ya muda yawe yamepimwa kwenye laini nyembamba kabisa mliyo nayo, maana tawi la mbali ndilo litakalochelewa kupokea programu ndogo ya zamani.

Mimi huvutiwa na mpango wenye makovu: mistari iliyokatwa, maneno “jaribio la pili limeshindwa, cheti kimeisha muda”, saini ya mtu ambaye hakuuandika lakini aliufuata hatua kwa hatua akafika. Mpango msafi usio na doa hunitia shaka.

Jambo moja huachwa na karibu wote: lini seva ya zamani itazimwa kabisa, na nani ana ruhusa ya kuzifuta nakala zake. Wiki moja ni fupi mno. Ningesubiri ipite angalau ripoti ya mwisho wa mwezi na mzunguko mmoja kamili wa masasisho ya usalama, kwa sababu kasoro za kupandisha toleo hupenda kujificha kwenye kazi zinazofanyika mara moja kwa mwezi.