Kiti cha Kushoto

Masika ikikolea na wageni wakapungua Serengeti na Ngorongoro, ndipo gereji za Arusha hujaa. Magari ya safari huingia yakiwa hoi. Mengine hukatwa katikati ili bodi irefushwe na paa la kunyanyua lifungwe, mengine huja kushushwa injini tu. Katika gereji moja ya aina hiyo kuna mzee aliyekuwa dereva wa serikali enzi za Land Rover, ambaye siku hizi huitwa kukagua gari kabla halijaelekea mbali. Mafundi vijana humwita Mzee, basi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Mzee haanzi na injini. Hulala chini ya gari na nyundo ndogo, akagonga moja moja nati za yuboliti zinazoshika springi, huku ametega sikio. Nati iliyokaza hutoa mlio mkali na mfupi. Iliyolegea hutoa mlio mzito, naye huitia alama ya chaki. Barabara ya vumbi yenye mikunjo hufungua nati mchana kutwa, na nati haipigi hodi inapotoka. Kisha hutafuta mpira mwembamba ambao difu hupumulia, akahakikisha umepandishwa juu, karibu na bodi. Wengi hawajui hata kama upo. Difu iliyopata moto ikitumbukia ghafla kwenye maji ya baridi huvuta pumzi, na kama njia ya juu imeziba, huvuta maji kupitia sili. Mafuta yanageuka meupe, na baada ya wiki chache meno yanaanza kulia.

Siku moja kijana alimletea gari lililopambwa kwa safari ya Ziwa Natron na Loliondo: hema juu ya paa, tairi mbili za akiba juu ya keria, madumu ya maji huko huko juu, winchi mpya inayong'aa kwenye bampa. Mzee alilizunguka kimya. "Mwanangu," akasema, "mizigo yote umeipandisha darini. Korongo la kwanza litakuuliza." Wakashusha. Maji na dizeli vikalazwa sakafuni katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, vikafungwa kwa mikanda, na tairi moja ikahamia mlango wa nyuma. Gari halikuwa zuri tena la kupigia picha, ila lilisimama vizuri.

Nilisafiri nao. Nilichokitazama njia nzima, kutoka Mto wa Mbu hadi Engaruka na kuendelea, ni mikono ya Mzee. Wengi wetu huukumbatia usukani kwa vidole vyote. Yeye huviweka vidole gumba juu ya duara, sambamba na vidole vingine, wala havizungushi kwa ndani hata pale anapokata kona kali. Land Rover za zamani hazikuwa na usukani wa pawa. Gurudumu la mbele lilipopiga jiwe, usukani ulijizungusha kwa kishindo, na vyuma vyake vya ndani viliondoka na kidole gumba chochote kilichokuwa njiani. Mzee alifundishwa mkao huo na dereva aliyemtangulia, ambaye gumba lake la kulia lilivunjika kwa namna hiyo na halikukunjika tena maisha yake yote.

Gari tulilopanda lina pawa, na hatari ile imepungua sana. Vidole bado viko juu. Nadhani ni kwa sababu mkao huo humpa kitu kingine: mkono usiong'ang'ania usukani husikia barabara. Changarawe inapokwisha na mchanga kuanza, usukani huwa mzito kidogo kabla jicho halijaona tofauti, na Mzee anakuwa ameshapangua gia. Mbele ya mchanga mrefu alisimama, akapunguza upepo kwenye tairi zote nne hadi zikabonyea, zikatandaza tumbo chini. Tukapita polepole, injini haikupiga hata kelele moja. Ng'ambo akatoa pampu, akajaza tena kabla ya mawe kuanza, akisubiri kila tairi bila haraka.

Kwenye korongo lenye maji alivua viatu, akakunja suruali, akaingia na fimbo. Akapita mstari wa gurudumu la kushoto, akarudi na wa kulia. Sehemu asiyoweza kuipita kwa miguu haipitishi gari. Gia huchaguliwa kabla ya kuingia, na klachi haiguswi hadi ng'ambo. Dizeli haina plagi za kuzimwa na maji, na hapo ndipo wengi hudanganyika: maji yakifyonzwa hadi ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na konrodi hupinda papo hapo. Snokeli inapandisha mdomo wa hewa juu. Kuupima mto ni kazi ya miguu ya dereva.

Ufundi huu una umri. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ikaja huku kubeba mabwana shamba, madaktari, wamisionari na wachimbua mifupa ya kale. Toyota wakaleta Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 1984, na baadaye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, isiyo na tabo, ikawateka mafundi wetu kwa uvumilivu wake. Lakini chuo chenyewe kilikuwa barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Lindi alivuka Rufiji kwa pantoni, na masika ilipochachamaa watu walilala njiani. Hapo ndipo utingo alifundishwa. Aliosha gari, akapaka grisi, akachimba tope, akasonga ugali, na katikati ya hayo alikaa kiti cha kushoto akitazama miguu na mikono ya mkubwa wake kwa miaka. Jiwe lilipotoboa tangi, alimwona akikanda kipande cha sabuni ya mche na kukisugua kwenye tundu hadi matone yakakata. Kitabu cha gari hakina ukurasa huo.

Kiti kile sasa kimeuzwa kwa mgeni, na siwezi kuilaumu biashara kwa kutaka abiria. Ninachosikitikia ni kwamba hatukuweka kitu mahali pake. Kijana anapata leseni, anakabidhiwa ufunguo, anafungiwa winchi, na winchi inamfundisha kuingia asikopaswa. Mwambao wa Natron una ganda la magadi linaloonekana gumu, chini yake ni tope. Ziwa hilo ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Tulikuta mifereji mirefu ya tairi imechanwa kuelekea majini, na shimo mahali gari lilipozama na kuvutwa. Mzee alisimamisha gari mbali, juu kwenye mawe, akasema tutembee. Aliitazama ile mifereji, akatikisa kichwa, hakusema neno.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha lake, na watu walizishangilia barabarani kwa haki kabisa. Magari yale yamefika hapa kwa mikono ya madereva na mafundi ambao wengi wao wako nyumbani, na hakuna anayewauliza lolote.

Wewe mwenye kampuni ya utalii, na wewe mwenye gereji: gari likienda kwenye majaribio, au kurudi tupu kutoka Loliondo, kiti cha kushoto ni kitupu. Mpandishe kijana humo, na nyuma ya usukani muweke mzee mmoja wa aina hii, mlipe siku yake kama fundi. Fanyeni hivyo masika hii, wangali wanaweza kulala chini ya gari na kuinuka.